Mshale Mdogo Kwenye Folda ya Nyimbo

Wacha niseme ukweli mapema nipate kupumua: hapa Rongai kuna watu wengi ambao hawajui kwamba jina langu ni Ndirangu. Wananijua kama Hata Hajui. Mama anayeniuzia sukuma wiki karibu na steji huniita hivyo akinifungia mboga, watu wa bodaboda huniita hivyo, na juzi tu mgeni mmoja aliyekuwa akitafuta fundi wa kompyuta alielekezwa kwangu kwa jina hilo hilo, akafika kibandani na kunisalimia kwa heshima zote, “Habari yako, Bwana Hata Hajui.” Nikamjibu nzuri. Ningefanya nini, na jina lenyewe nilijipa mwenyewe, kwa maandishi makubwa, ukutani mwa kanisa, Jumapili asubuhi, mbele ya wageni.

Mimi hutengeneza simu na kompyuta. Kibanda changu kiko katikati ya posho mill, yaani kinu cha kusaga unga, na duka la dawa za mifugo, na kanisani mimi ndiye mtu wa projekta, yaani yule anayekaa na kompyuta akibonyeza ili maneno ya nyimbo yatokee ukutani watu waimbe. Ni kazi ambayo ukiifanya vizuri hakuna anayekuona, na hiyo ndiyo raha yake.

Nyimbo zenyewe sikuzichapa mimi. Zilichapwa na Mwalimu Koech, mzee wa kanisa, mwalimu wa hisabati aliyestaafu, ambaye kanisa liliponunua projekta alibeba ile kompyuta kwake nyumbani, akaketi mezani na kitabu cha nyimbo, akaanza wimbo wa kwanza kwa vidole viwili, kimoja cha kila mkono. Ilimchukua miaka minne. Nyimbo mia mbili na kitu, kila ubeti, kila kibwagizo, kila nukta, na alipomaliza tukavichukua vitabu vyetu vyote vya kanisani tukawapa watu wa tawi jipya, kwa sababu sasa tulikuwa na ukuta.

Halafu kuna Chebet. Chebet ni kitinda mimba wa Mwalimu Koech, anaimba kwaya, na ndiye anayeuza katika lile duka la dawa za mifugo, kwa hivyo tulikuwa majirani wa biashara, na majirani hunywa chai ya saa nne pamoja, na chai ya saa nne ikinywewa mahali pamoja kwa miaka miwili inakuwa kitu kingine. Baba yake hakujua. Mimi ni Ndirangu, Mkikuyu, na yeye ni Chebet, Mkalenjin, na ninyi mnaoishi huku Bonde la Ufa mnajua kwamba majina hayo mawili yakikaa kwa sentensi moja wazee huanza kukohoa. Lakini tulikuwa tumeamua. Mjomba wangu na wazee wawili wangeenda kubisha hodi kwa Mwalimu kuposa Jumamosi fulani, kwa utaratibu, kwa heshima, na mpaka siku hiyo kazi yangu ilikuwa moja tu, kumfanya Mwalimu anione mtu wa maana.

Sasa sikieni vile shetani huingia kwa mlango wa mbele amevaa tai. Jumapili moja Mchungaji akahubiri juu ya wizi. Alihubiri kweli kweli, kuanzia kuku wa jirani mpaka kura, na mimi nikiwa nimeweka ukutani neno USIIBE kwa herufi kubwa nyekundu. Na chini yake, kwa kona ya kulia, kukawa na yale maandishi madogo ya kijivu ambayo hukaa hapo siku zote, yanayoomba programu ya Windows ilipiwe, kwa sababu ile iliyokuwa ndani ya kompyuta ya kanisa ilikuwa ya kunakili tu, haijalipiwa hata shilingi (na aliyeiweka ni fundi fulani wa hapa Rongai, kibanda chake kiko kati ya posho mill na duka la dawa za mifugo). Baada ya ibada Mwalimu Koech akaja akasimama kando yangu, akaangalia ukuta kwa muda.

“Ndirangu, hii maandishi iko kwa kona inasema nini?”

Nikamweleza polepole, nikichagua maneno.

“Kwa hivyo hii miaka yote tunaimba juu ya kitu ya wizi.”

“Si wizi sana, Mwalimu.”

“Kuna wizi kidogo?”

Nikazima projekta. Halafu, kwa sababu nilitaka kumfurahisha, nikamwambia kuna programu inaitwa Linux, ya bure, ya halali, imetengenezwa na watu wa dunia nzima wakasema kila mtu achukue, na kuna nyingine ndani yake ya kufungua nyimbo, nayo bure, nayo halali. Akaniangalia kama anayeangalia mwanafunzi wa mwisho darasani aliyepata jibu. Akasema, “Hiyo ndiyo tunataka,” na akaniwekea mkono begani. Nilitembea na huo mkono begani wiki nzima.

Linux nilikuwa nimeijua kupitia Otieno, rafiki yangu wa tangu chuo ninayemwita Otis, yuko Nakuru mjini, na Otieno akizungumza juu ya Linux utadhani ameokoka jana. Nikapanda Nakuru, akanipa flashi yenye Linux ndani, akaniambia maneno mawili: weka nakala ya vitu vyako kwanza, na usifanye haraka. La kwanza nililisikia.

Hapa ndipo penye ule uamuzi mdogo. Jumapili iliyofuata tulikuwa tunatembelewa na kanisa la Mau Narok, lori zima la watu na kwaya yao, na Mwalimu Koech alikuwa ndiye mwenyeji, na kwa simu alikuwa amewaambia mwezi mzima wasijisumbue kubeba vitabu vya nyimbo kwa sababu sisi huimba tukiangalia ukuta. Mtu mwenye akili angengoja wageni waje, waimbe, warudi kwao, halafu Jumatatu afungue kompyuta. Chebet aliniambia hivyo hivyo. Alikuja kibandani Jumamosi saa nane, akanikuta nimeishika.

“Si ungoje Jumatatu?”

“Ni kazi ya nusu saa.”

“Ndirangu.”

“Nataka kesho babako aone kona ikiwa safi.”

Nikafanya nakala. Katikati ya skrini kulikuwa na folda ya manjano imeandikwa NYIMBO, ile ambayo huwa nafungua kila Jumapili, nikaishika nikaiburuta mpaka kwa flashi yangu, na ikaingia kabla sijapepesa macho. Nyimbo mia mbili na kitu, mara moja. Nikamwambia Chebet, “Unaona flashi za siku hizi?” Kwenye pembe ya ile folda kulikuwa na mshale mdogo, mweupe na buluu, ambao nilikuwa nimeuona kila Jumapili miaka hii yote na sikuwahi kujiuliza unafanya nini pale. Na msidhani mimi ni mjinga kabisa, nilijaribu. Nilibonyeza ile folda ikiwa ndani ya flashi, na nyimbo zote zikafunguka, ya kwanza mpaka ya mwisho. Nikatosheka. Linux ikaniuliza kama ikae kando ya ile programu ya zamani ama ifute kila kitu ianze upya, na mimi, mtu wa kutubu, nikachagua ifute kila kitu.

Kusema kweli iliingia vizuri. Kompyuta iliyokuwa ikichukua muda wa kuchemsha githeri ya mahindi makavu kuwaka, sasa iliwaka kabla sijavuta kiti. Nikapiga picha ya skrini nikamtumia Otieno kupitia hiyo hiyo kompyuta, kwa ule ukurasa wa kuchati, na ukurasa nikauacha wazi. Nikachomeka flashi, nikaona NYIMBO imekaa pale, sasa ikiwa na viherufi vingine nyuma ya jina ambavyo nilidhani ni mambo ya Linux, na kabla sijaifungua Mwalimu akafika kuchukua kompyuta akaifungie ofisini kwa kanisa.

“Imekamilika?”

“Imekamilika, Mwalimu.”

“Na ni ya haki?”

“Ya haki kabisa. Hata ukimpa jirani nakala, hakuna dhambi.”

Akanisalimia kwa mikono miwili. Alipoondoka Chebet akaniangalia na kucheka, akasema Jumamosi ijayo wazee hawatapata kazi ngumu.

Jumapili ikafika, na lori la Mau Narok likafika nayo mapema, watu wakishuka na magunia ya waru, yaani viazi, kama zawadi, kwaya yao imevaa buluu, na hakuna hata mmoja aliyeshika kitabu. Kanisa likajaa mpaka wengine wakasimama nje. Mwalimu Koech akachukua maikrofoni, akawakaribisha, akasema, “Leo mikono yenu iko huru ya kupiga makofi. Maneno mtayaona pale,” na akaelekeza ukutani.

Ni lazima niwaeleze meza yangu iko wapi, maana bila hiyo hamtaelewa. Kebo yetu ya projekta ni fupi. Makanisa mengine mtu wa kompyuta hukaa nyuma, lakini kwetu meza yangu iko mbele kabisa, chini ya ukuta wenyewe, na mimi hukaa nimeupa ukuta mgongo nikiangalia watu. Kwa hivyo watu wote wanauona ukuta na mimi ndiye peke yangu nisiyeuona, isipokuwa nigeuze shingo.

Nilipochomeka kebo, kilichotokea ukutani ni ile picha inayokuja na Linux, ya ndege mkubwa wa zambarau, kwa sababu Linux ilidhani ukuta ni skrini ya pili. Watu wakamtazama yule ndege kwa adabu. Nikatafuta mahali pa kurekebisha, nikapata, nikabonyeza ili ukuta uonyeshe kila kitu kilicho kwenye kompyuta. Nikageuza shingo, nikaona ukuta na skrini vinafanana, nikajipongeza. Hayo ndiyo mafanikio yangu ya mwisho siku hiyo.

Halafu nikafungua NYIMBO. Haikufunguka. Nikabonyeza tena. Skrini ikaniambia haijui hii ni kitu gani. Nikailazimisha, ikanionyesha mstari mmoja wa herufi za ajabu ajabu, na hapo kila kitu nilichokuwa nakijua kikatoka kichwani, hasa kile nilichokuwa nimebonyeza dakika mbili zilizopita. Mchungaji akaniona uso, akaelewa kuna shida, na kwa wema wake akaanza kuvuta muda: akawasimamisha wageni mstari kwa mstari wasalimie, Bwana asifiwe, na tena Bwana asifiwe.

Simu yangu ilikuwa imeisha chaji (nilijua mtauliza). Lakini ule ukurasa wa kuchati na Otieno ulikuwa bado wazi, na kebo ya intaneti ya ofisi ya kanisa ilikuwa imechomekwa. Nikaandika.

“Otis nimeisha. Nyimbo hazifunguki.”

Akajibu hapo hapo, Mungu ambariki, mtu wa Linux hajui kulala. “Ulicopy folda ama shortcut?”

“Tofauti ni gani?”

“Ilikuwa na mshale kwa kona?”

Nikaandika, “Ndio.”

“Boss. Hiyo mshale ni ya kukuonyesha tu mahali folda iko. Umeng’oa kibao cha barabara imeandikwa NAKURU ukadhani umebeba Nakuru.”

Nikamwambia niliijaribu ikafunguka. Akasema bila shaka ilifunguka, kwa sababu nyimbo zilikuwa bado kwa kompyuta, mshale ulikuwa unanipeleka huko, na kisha mimi nikafuta huko. Nikakaa nikiangalia hayo maneno. Nilisikia watu wakicheka kidogo, nikadhani Mchungaji amefanya mzaha, nikafurahi kwamba angalau yeye anaendelea vizuri.

Kwenye kwaya Chebet alikuwa ananiangalia kwa macho makubwa na kunyoosha kidole juu ya kichwa changu. Nikadhani ananiambia nimtegemee Mungu. Nikamwinulia kidole gumba. Akajifunika uso kwa faili yake.

Nikaandika tena, na hii ndiyo ningelipa pesa nyingi kuifuta. “Mwalimu Koech alizichapa miaka minne na vidole viwili. Ataniua.”

“Mwambie ukweli.”

“Siwezi. Jumamosi natuma wazee kwake juu ya Chebet. Tumekuwa pamoja miaka mbili na hata hajui.”

Kanisa likanyamaza. Sijawahi kusikia watu mia tatu wakinyamaza pamoja namna hiyo, hata watoto, hata yule kuku wa nje ambaye huwa hashiki adabu. Mchungaji naye alikuwa ameacha kusalimia. Na katika huo ukimya, kwenye mstari wa tatu, mama mmoja mgeni wa Mau Narok, mzee, aliyeacha miwani nyumbani, akamgusa mwenzake.

“Wanasema nini pale?”

Mwenzake naye akamsomea, kwa sauti ya kutosha kwa sababu mama ni mgumu wa masikio: “Anasema tumekuwa pamoja miaka mbili na hata hajui.”

“Nani hajui?”

“Baba ya msichana.”

“Ako hapa?”

Niligeuza shingo polepole, kama mtu anayejua lori liko nyuma yake. Maneno yangu yalikuwa makubwa kuliko mlango. Yote. Otis nimeisha, kibao cha Nakuru, vidole viwili, Chebet, miaka mbili, hata hajui. Na nikiwa bado natazama, jibu la Otieno likatokea chini yake, mbele ya watu wa Mungu: “Kwani huyo mzee ni mkali aje?”

Kanisa zima likageuka kumwangalia Mwalimu Koech ili lipate jibu.

Mimi nikafanya kile ambacho mwili ulichagua. Nikaruka nikavuta kebo. Lakini sikuvuta ya projekta, nilivuta ya stima inayopeleka moto kila mahali, na mara moja vikazima kinanda, maikrofoni na spika, kila kitu isipokuwa kompyuta, ambayo ina betri, na ambayo haikuwa na maana tena kwa mtu yeyote. Ukuta ukabaki mweupe. Nikasimama pale nikiwa nimeshika kebo.

Mwalimu akasimama kutoka kiti cha wazee. Akafunga kifungo cha koti. Akatembea mpaka mezani kwangu, na kila kiatu nilikisikia.

“Ndirangu.”

“Naam, Mwalimu.”

“Zote?”

Na jameni, nilikuwa nimejitayarisha kuulizwa juu ya Chebet. Nilikuwa na majibu. Yeye aliuliza nyimbo.

“Zote, Mwalimu.”

“Hata ile ya mwisho?”

“Hata hiyo. Pole sana.”

Akavua miwani, akaifuta kwa leso, akaivaa tena. Sijawahi kuona aibu kama nilivyoona dakika hiyo, na haikuwa ya kuchekwa, maana kuchekwa nimezoea. Ni vile niliona mikono yake ikifuta miwani na nikakumbuka ni vile vidole viwili.

Kisha akageukia watu. Bila maikrofoni, kwa ile sauti ya mwalimu wa darasa la watoto sitini, akasema, “Simameni.” Wakasimama. Akataja wimbo, akasema mstari wa kwanza kwa mdomo, watu wakauimba. Akasema wa pili, wakauimba. Ubeti wa pili, ubeti wa tatu, ule wa nne ambao hakuna mtu duniani huukumbuka, Mwalimu akausema bila kusita. Mtu aliyechapa kila herufi ya nyimbo mia mbili kwa vidole viwili hana haja na ukuta. Akaenda hivyo ibada nzima, mstari yeye, mstari sisi, bila kinanda, watu wa Mau Narok wakipiga makofi kwa ile mikono aliyowaambia iko huru, na mpaka leo wageni wale hutuuliza kwa nini hatuimbi tena kama siku ile.

Mwisho ukafika wakati wa matangazo. Kwetu watu wakitaka kuoana majina yao husomwa Jumapili tatu, na Mchungaji huuliza kama kuna mwenye pingamizi. Akasoma matangazo ya mkutano wa akina mama, akasoma ya kufagia kanisa, akafunga daftari.

“Tangazo la mwisho mmejisomea wenyewe,” akasema. Watu wakaangua kicheko mpaka wengine wakajishika mbavu. “Sitalihesabu, kwa sababu wazee bado hawajafika kwa mzee. Lakini kama kuna mtu ako na pingamizi ajipange mapema.”

Mwalimu Koech akainua mkono. Kicheko kikakatika.

“Mimi niko nayo. Nitaisema nje.”

Nje ilikuwa nyuma ya kanisa, karibu na tangi la maji. Nilimkuta amesimama, mikono nyuma. Chebet akaja bila kuitwa, akasimama kando yangu, karibu kabisa, na hapo nilijua hata nikifukuzwa nitakuwa nimefukuzwa vizuri.

“Wewe ulikuwa unajua hii mambo ya wazee?” Mwalimu akamwuliza.

“Nilijua, baba.”

“Mama yako?”

Chebet akaangalia viatu. “Mama anajua tangu mwaka jana.”

“Mchungaji?”

Nikakohoa. Mchungaji nilikuwa nimemwomba ushauri.

Mwalimu akaangalia lile tangi la maji kama analihesabu lita. “Kwa hivyo Rongai yote inajua,” akasema. “Ni mimi peke yangu hata hajui.”

Sikucheka. Nilitaka kucheka, Chebet alitaka kucheka, nilimsikia akishika pumzi, lakini hatukucheka.

“Ndirangu, makosa yako si kompyuta. Hiyo programu nimekubali, ni ya haki. Makosa ni jana nilikuuliza imekamilika, ukaniambia imekamilika, na hukuwa umeangalia.” Akainua kidole kimoja. “Hiyo ndiyo pingamizi. Sitaki kumpa msichana wangu mtu wa kusema imekamilika kabla ya kuangalia.”

“Naelewa, Mwalimu.”

“Wazee wako wakae kwanza. Jumanne na Alhamisi, saa kumi na moja, unakuja kwangu na hiyo Linux yako. Mimi nitasema, wewe utaandika. Siku wimbo wa mwisho itaingia, ndiyo wazee waje. Na wimbo moja ikipotea, tunaanza ya kwanza.”

Mjomba wangu alipigiwa simu akaambiwa asubiri, na alipouliza asubiri nini nikamwambia anasubiri wimbo wa mia mbili na kitu. Alikata simu.

Ilituchukua miezi mitano. Yeye alikaa kiti cha mikono, macho amefunga, akisema mstari kwa mstari, na mimi mezani nikichapa kwa vidole kumi, na nikimaliza kabla yake aliniuliza, “Umeandika haraka, lakini umesikia?” na kunirudisha nisome. Mwanzoni sikupewa hata maji. Wiki ya tatu nikapewa chai. Wiki ya sita ikaja chai na mandazi, na kati ya beti akaanza kuniuliza vitu, babangu alikuwa nani, kwa nini nilitoka chuo, pombe nakunywa ama sinywi, na niliogopa kujibu kabla ya kuangalia. Kufikia wimbo wa mia moja na kitu nilikuwa nakula ugali mezani na familia, na Mama Chebet akinipakulia kama mtu aliyekuwa anangoja tu ruhusa. Kila jioni kabla sijaondoka tuliweka kazi kwenye flashi mbili, na Mwalimu alinilazimisha nizichomeke kwa kompyuta nyingine kabisa, ya jirani mmoja, nizifungue moja moja akiona. “Mshale iko?” Haiko, Mwalimu.

Sasa kuhusu funzo, maana mtu hawezi kuaibika hivi bure. Linux haikuwa na kosa lolote, iko mpaka leo, kona ya ukuta ni safi, na kibandani kwangu nimewawekea watu wengi na hakuna aliyerudi kulia. Lakini nimeapa, na Chebet ni shahidi: Jumamosi sigusi kompyuta ya mtu, hata akiniambia ni kufuta vumbi. Sifuti kitu kabla ya kukiona kikifunguka mahali pengine. Na mtu akiniuliza kama kazi imekamilika, hunikuta natazama kwanza, hata kama ni kikombe cha chai.

Wazee wangu walienda, wakapokelewa, hayo ni ya siku nyingine na yalienda vizuri. Jumamosi kabla ya tangazo letu la kwanza kanisani, Mwalimu Koech aliingia kibandani, akaniambia nitoke kwenye kiti. Akaketi. Akafungua ukurasa mpya, na kwa vidole viwili akaanza kuchapa tangazo mwenyewe. Nilimwambia naweza kumsaidia, akasema nikasimame nje. Akahifadhi, akaweka kwenye flashi mbili, akaenda kwa Chebet dukani akazifungua kwa kompyuta yao, akarudi akaniambia, “Imekamilika. Nimeangalia.”

Sikuliona mpaka Jumapili, kwa sababu mnajua vile nimekaa, mgongo kwa ukuta. Nilibonyeza, na nikaona nyuso za watu zikibadilika, mstari wa mbele kwanza, halafu wote, na kicheko kikapanda mpaka Mchungaji akashindwa kusoma. Nikageuza shingo. Kulikuwa na jina langu na jina la Chebet, kwa herufi kubwa, tangazo la kwanza kati ya matatu, na chini yake, peke yake kwenye mstari, vile vidole viwili vilikuwa vimechapa: BABA ANAJUA.

Nimejaribu kumwomba mama wa sukuma wiki aniite hivyo badala ya lile jina lingine. Amekataa, anasema lile la kwanza limeshika.